Je, Daktari Humdhulumu Mgonjwa Aliyemruka?

Ndugu wasomaji, suala la leo halikutoka kitabuni. Lilinijia mlangoni baada ya sala ya Ijumaa, likaletwa na kijana niliyemsomesha Juzuu Amma alipokuwa mtoto wa miaka saba, na ambaye leo ni daktari. Kazi yake ni katika chumba cha dharura cha hospitali moja ya upande wetu huu. Jina lake sitalitaja, wala la hospitali, maana haja yetu ni suala lenyewe wala si watu. Alikaa mkekani muda mrefu asiseme neno. Kisha akasema, "Maalim, nataka hukumu, sitaki kufarijiwa."

Kisa chenyewe ni hiki. Usiku mmoja wa mvua, mzee mmoja wa msikiti wetu hapa Kipkelion, ambaye aliadhini miaka mingi mpaka sauti ikamchoka, aliteleza penye birika la kutawadhia akavunjika nyonga. Tukampakia katika gari la jirani, tukamfikisha hospitali yapata saa tatu za usiku. Daktari akamtazama, akampima mapigo ya mshipa, akamdunga sindano ya kutuliza maumivu, akamwambia, "Subiri, mzee wangu." Haikupita nusu saa akaletwa kijana mwendesha pikipiki aliyegongana na trekta. Alikuwa ananuka chang'aa, anawatukana wauguzi matusi ambayo sikuyasikia tangu nilipokuwa kuli bandarini kabla ya kusoma. Mguu wake ulichanika kidogo tu. Kwa macho yetu sisi tuliokuwa pale, hali yake ilikuwa nafuu kuliko ya mzee, kwani yeye alikuwa na nguvu za kutukana, na mzee hakuwa na nguvu hata za kulia.

Daktari akaenda kwa yule mlevi, wala hakurudi kwa mzee ila baada ya saa nne. Tena gari la wagonjwa lilikuwa moja, nalo likamchukua mlevi kumpeleka palipo na wapasuaji. Mzee akangoja mpaka asubuhi.

Katika zile saa nne daktari alipigiwa simu mara mbili kuhimizwa amtangulize mzee. Aliyempigia ni mimi. Nitalirudia jambo hili mbele.

Mji wetu ni mdogo, na neno likitoka stesheni saa moja hufika sokoni saa moja na nusu. Kabla ya Ijumaa iliyofuata ilikuwa imekwisha kuenea kwamba daktari fulani, mtoto wetu, tuliyemlea na kumchangia karo, amemwacha mwadhini akamshika mlevi. Wako waliokataa kuitikia salamu yake. Hayo ndiyo yaliyomleta kwangu. Lakini suali lake lilikuwa na mkia. "Maalim," akasema, "kwanza, nimemdhulumu mzee? Na pili, ikirudi siku kama ile ya Londiani, wakaletwa watu thelathini kwa mara moja, nami nikamwona mmoja angali anapumua lakini najua hatafika alfajiri, nikampita nikaenda kwa mwingine, nitakuwa nimemwua?"

Wasomaji wetu wa mbali yamkini hawaijui Londiani. Ni mji jirani yetu katika kaunti hii ya Kericho, na njia yake panda iko juu ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Kericho. Jioni ya Ijumaa tarehe 30 Juni 2023, tungali katika siku za tashriki baada ya Idi, lori lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo likaingia katika magari ya abiria, pikipiki na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Watu zaidi ya hamsini walikufa. Miaka mitano kabla ya hapo, alfajiri ya tarehe 10 Oktoba 2018, basi lililotoka Nairobi kuelekea magharibi lilianguka karibu na Fort Ternan, chini yetu huku, nalo pia likaua watu zaidi ya hamsini. Watu wanaosikia jina la Kericho hufikiri majani ya chai yaliyokatwa sawasawa kama mazulia. (Kipkelion yenyewe, kwa kusema kweli, ni nchi ya kahawa na mahindi zaidi kuliko chai.) Sisi wenyeji tukilisikia jina la barabara hizi twafikiri miteremko, ukungu na breki. Kwa hiyo suali la kijana huyu halikuwa la kufikirika tu, kama yale masuali ya wanafunzi wa fikihi ya mtu aliyezaliwa na vichwa viwili. Laweza kumfika usiku wa leo.

Basi yapasa kwanza tuijue kazi yake, kwani kuhukumu jambo ni tawi la kulifahamu.

Zamani, na katika hospitali nyingi hata sasa, mgonjwa aliyetangulia kufika ndiye aliyetangulia kutazamwa. Jambo hilo laonekana kuwa ni uadilifu, nalo ni uadilifu mahali pa kununua sukari. Dominique Jean Larrey, daktari mpasuaji wa majeshi ya Napoleon, ndiye aliyesifika kwa kuufuata utaratibu mwingine katika vita: majeruhi watazamwe kwa uzito wa majeraha yao, bila kuangalia cheo. Neno walilolipa jambo hilo ni la Kifaransa, na asili yake ni kuchambua, kama tunavyochambua buni za kahawa. Neno hilo silipendi kwa wanadamu, lakini kazi yenyewe ni ya haki. Baadaye elimu hii ikawa fani yenye walimu wake. Katika nchi zetu, Muhimbili huko Dar es Salaam ilifungua idara yake ya tiba ya dharura mwaka 2010, na mabingwa wa kwanza waliosomeshwa huko walihitimu mwaka 2013. Kwa hiyo ni elimu changa kwetu, na haishangazi kwamba watu hawaijui, wakaidhania kuwa ni jeuri ya madaktari.

Katika maafa, daktari huwapitia majeruhi wote upesi kabla ya kumtibu hata mmoja kwa ukamilifu. Anayeweza kuinuka na kutembea hupewa alama ya kijani. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au asiyepatikana mapigo katika kifundo cha mkono, au asiyefahamu akiambiwa "finya mkono wangu", huyo ni mwekundu, na hutangulizwa. Aliye baina yao ni wa manjano. Asiyepumua hata baada ya kufunguliwa njia ya pumzi hupewa alama nyeusi, na daktari humpita. Kila mmoja hupata muda usiotosha hata kusoma Fatiha kwa taratibu.

Sasa turudi kwa yule mlevi. Kijana wetu alinieleza alichokiona, na ambacho sisi hatukukiona. Tumbo lilikuwa gumu. Ngozi ilikuwa baridi na ina jasho, moyo unakwenda mbio. Bandama lilikuwa limepasuka, na damu ilikuwa ikimwagika ndani, wala hapakuwa na tone nje. Mtu mzima ana damu kiasi cha lita tano, na tumbo laweza kuficha sehemu kubwa ya hiyo. Tena akanambia jambo lililonikata maneno: kijana mwenye nguvu aweza kupoteza damu nyingi na msukumo wake usishuke, mpaka mwisho ukashuka kwa ghafula, na dalili mojawapo ya mwanzo ni kuvurugika akili, mtu akawa mkali, akapigana, akatukana. Yale matusi tuliyoyahesabu kuwa dhambi yake, sehemu yake ilikuwa ni mauti yanabisha hodi. Alinuka pombe, ni kweli. Lakini daktari asiye na elimu angesema "huyu amelewa, mwacheni alale", na angelala moja kwa moja.

Na mzee je? Nyonga iliyovunjika si jambo dogo kwa mtu wa miaka sabini na tano. Akiachwa kitandani siku kadha wa kadha huingiwa na maradhi ya mapafu, na damu huganda miguuni. Wapasuaji hupenda kumtengeneza katika siku moja au mbili. Lakini ni siku, wala si dakika. Mmoja alikuwa na usiku kucha, na mwingine hakuwa na saa moja.

Kwa hiyo jawabu la suali la kwanza ni kuwa hakumdhulumu. Dhuluma ni kukiweka kitu pasipo mahali pake, na mkono wa daktari mahali pake ni kwa yule ambaye wakati wake unakwisha. Mtu mmoja akanijibu barazani, "Lakini mlevi alijitakia." Nikamwambia kuwa daktari si kadhi. Kadhi huwaita wadaiwa, husikiliza mashahidi, akitaka huakhirisha mpaka wiki ijayo. Na baada ya hayo yote bado hukosea. Huyu kijana ana dakika tatu, na mshahidi wake ni mshipa wa mkono. Tukimpa na kazi ya kupima nani mwema na nani mwovu, tumempa kazi ambayo Mwenyezi Mungu hakumpa mtu katika dakika tatu. Leo tutasema amwache mlevi. Kesho tutasema amwache mwizi. Keshokutwa amwache wa kabila lile. Sisi watu wa Kipkelion hatuhitaji kufundishwa njia hiyo inafika wapi, kwani mwaka 2008 tuliitembea. Aya ya 32 ya Surat Al-Maida, inayoufananisha uhai wa nafsi moja na uhai wa watu wote, haikuuliza nafsi hiyo ilikunywa nini jana.

Ama mwenye kusema, "Angalau Mwislamu atangulizwe," namrudisha kwa maulamaa wake mwenyewe. Imamu Izzuddin bin Abdi-s-Salaam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, ametaja kuwa kumwokoa anayezama hutangulizwa juu ya kusimamisha sala, kwani sala yaweza kulipwa na aliyezama halipwi. Ikiwa sala yenyewe husogezwa, basi heshima yetu ya barazani ni nani asisogezwe?

Suali la pili lilinishinda kulijibu siku ile. Nilimwambia anipe wiki. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo, lakini niliogopa kumpa mtu ruhusa iliyo nyepesi kuliko mzigo wenyewe.

Nilikwenda kulitazama lile suala mashuhuri ambalo Imamu Ghazali amelitaja katika Al-Mustasfa: watu wamo katika jahazi linalozama, na lau wangemtupa mmoja wao baharini wangeokoka waliobaki. Je, wapige kura wamtupe? Amekataa. Nafsi ya mmoja haifanywi ngazi ya kuwapandisha wengine. Mwanafunzi mmoja wa darsa akasema, "Basi imekwisha. Daktari anayempita mtu ili awaokoe watatu ni kama mwenye kumtupa mtu baharini." Nilikaa na neno hilo siku mbili, nikaona kuwa hapana. Mtupaji humtoa mtu penye salama akamtia penye mauti. Daktari hamtoi mtu mahali popote. Amewakuta wote majini. Ana mikono miwili, na hawezi kuogelea pande mbili. Akiwaendea wale anaoweza kuwafikia, yule wa mbali amezamishwa na bahari, wala hakuzamishwa na mwogeleaji.

Lakini tofauti hiyo ina masharti, na hapa ndipo nilipomkazia kijana. Sharti la kwanza ni kwamba awe kweli hana mkono wa tatu. Akishuka msaada, akaja daktari mwingine, akapatikana nafasi, yule aliyepitwa arudiwe atazamwe upya, kwa kuwa alama nyeusi ni hukumu ya saa ile na uhaba ule, wala haikuandikwa kwenye paji la uso. Sharti la pili, asiyeokoleka si asiyestahiki. Ana haki ya kufunikwa na baridi, kutulizwa maumivu kadiri iwezekanavyo, kutoachwa peke yake. Ikiwa daktari hana nafasi, mtu yeyote mwingine aweza kumshika mkono na kumtajia jina la Mola wake kwa dini aijuayo. Sharti la tatu ni elimu. Imepokewa kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kuwa mwenye kujitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya alichoharibu. Na imepokewa vilevile kuwa hakimu akijitahidi akakosea ana ujira mmoja. Ujira ule ni wa aliyejua kisha akajitahidi. Wa kubahatisha hana fungu humo.

Nilipomweleza hayo aliniuliza, "Na nikikosea alama, Maalim? Nikamwita mweusi aliyekuwa mwekundu?" Nikamwambia kuwa maumivu hayo siwezi kumwondolea, na kwamba nadhani daktari asiyeyapata hafai kupewa kazi ile.

Sasa nije kwenye simu yangu, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Nilipompigia mara ya kwanza, alipoliona jina langu alitoka chumbani akanijibu, kwa adabu ya mwanafunzi kwa mwalimu wake. Nilimwambia, "Mwanangu, mzee wetu anateseka, fanya hima." Akasema, "Naam, Maalim, nitajitahidi." Dakika mbili, labda tatu. Mara ya pili hakujibu, nami nikaudhika. Sasa najua kuwa katika dakika zile za mara ya kwanza alikuwa ameacha mkono juu ya mshipa wa mtu anayemwagika damu ndani kwa ndani, ili anisikilize mimi.

Ndugu wasomaji, hakuna mtu kati yetu asiyeifanya simu hii. Tunaifanya kwa polisi, kwa karani wa ardhi, kwa mwalimu mkuu, kwa daktari, na tunaiita udugu. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 85, shafaa imegawanywa mafungu mawili, njema na mbaya, na kila mwenye kushufaa ana sehemu yake katika matokeo. Mimi nilidhani niko katika fungu la kwanza kwa kuwa niliyemshufaia ni mtu mwema. Nikasahau kuwa katika chumba kile hakuna nafasi inayotoka mbinguni. Kila aliyesogezwa mbele, mwingine amerudishwa nyuma, na huyo mwingine hana sheikh wa kumpigia simu. Daktari alimruka mzee kwa sababu aliyoijua. Mimi nilitaka amruke kijana wa watu kwa sababu ya kujuana. Baina ya sisi wawili, aliyekaribia dhuluma ni mimi, naye ndiye aliyenyimwa salamu.

Kuna upande mwingine tusiousema barazani kwa kuwa hauna wa kulaumiwa kwa jina. Kwa nini gari lilikuwa moja? Kwa nini damu ilikuwa chupa mbili tu barafuni? Sheria haikukosekana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imesema kuwa mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikafasiri kuwa matibabu hayo yanaanzia kabla ya kufika hospitali, na ikaweka faini isiyozidi shilingi milioni tatu kwa hospitali yenye uwezo itakayokataa. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 ikaanzisha mfuko wa dharura na maradhi mazito. Yote ni mema. Lakini neno "yenye uwezo" ndilo lililobeba mzigo wote. Karatasi haitoi damu. Damu hutoka katika mkono wa mtu, mililita 450 kwa mara moja, na mwanamume mzima wa afya aweza kurudia baada ya miezi mitatu. Niliuliza katika darsa yetu, watu arobaini na zaidi, nani amewahi kutoa. Iliinuka mikono miwili, na mmoja ulikuwa wa yule daktari.

Utabibu ni fardhi ya kutoshelezana. Wakipatikana wa kutosha, dhima imewaondokea wengine. Wasipopatikana, dhambi inatugawia sote. Imamu Ghazali aliwashutumu wanafunzi wa zama zake kwa kusongamana katika fikihi, na miji yao haina tabibu Mwislamu hata mmoja. Miaka mia tisa imepita na zaidi, nami nimesomesha miaka ishirini, na katika wanafunzi wangu aliyekwenda utabibu ni mmoja. Huyo mmoja ndiye tuliyemnunia.

Baada ya wiki mbili nilikwenda kwa mzee, ambaye alikuwa amekwisha kupasuliwa na kurudi nyumbani, anatembea kwa mkongojo wa chuma. Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa, pamoja na habari ya simu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kuwa usiku ule ulikuwa mrefu kuliko nijuavyo, na kwamba mimi nilikuwa nimekaa kitini. Ni kweli. Akauliza kama yule mwendesha pikipiki yu hai. Nikamwambia yu hai, na ameanza tena kazi. "Na kunywa?" akauliza. Nikasema hilo sikuliuliza.

Salamu ya daktari bado hajaiitikia, na mimi sikumlazimisha. Wallahu aalam.